Salamu Aliyonyimwa Emily

Nyumbani kwetu, nyuma ya soko,
Kisii Mjini.
Jumatatu, baada ya alasiri.

Kwako ndugu yangu Edinah,

Nakusalimu salamu nyingi, za mdomoni na zile ambazo mdomo hauwezi kuzibeba. U hali gani huko ugenini? Unakula lakini? Nakujua, ukishikwa na majonzi unashinda na kikombe cha chai ya rangi mpaka jioni halafu unasema umeshiba. Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, isipokuwa mkono wa kulia umeteguka, ndiyo maana mwandiko huu unakwenda upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Baba na mama wanakusalimu sana. Wengine wanaokusalimu nitawataja mwishoni, na tafadhali usirukie huko kwanza, maana hata vitabu vya shule ulikuwa unaanza kusoma ukurasa wa mwisho.

Barua hii anakuletea binamu yangu Nasteho, anayepanda ndege kesho pamoja na wajumbe wa mwisho kutoka Nairobi. Simu yangu iko polisi, wameishika kama kielelezo, na za watu wengine siziamini. Siku ile nilipokupigia kwa simu ya kaka yangu Haron nilikuambia neno moja tu, kwamba Magokoro wako hatunaye, nikakata. Ndipo ukatuma ujumbe kwamba unataka kujua bibi yako alikufaje, na kwamba unaacha kikao cha mwisho cha Ijumaa, uje Manga umzike Jumamosi.

Edinah, usije. Nalisema mapema lisije likapotea katikati ya karatasi. Ami yako Obwocha anakuambia uje kwa sababu ni mazishi na wewe ndiye uliyelelewa na marehemu, lakini hakuambii kinachosemwa pale sokoni. Wanasema uchawi wa bibi humwingia mjukuu aliyekula jikoni mwake. Wanasema ndiyo maana wewe, mtoto wa shule ya kutwa, umepanda ndege kwenda kuhutubia dunia, hizo si akili za bure. Wameapa ukikanyaga Manga hutashuka mzima. Watu hao si wageni, Edinah. Ni watu tuliopanda nao miche.

Sasa nikueleze yaliyotokea, na nitakueleza kama yalivyokuwa, sitapunguza.

Alhamisi ile, siku ya hotuba yako, tuliona fahari kubwa mno. Onchiri, mwenyekiti wa kikundi chetu cha miche, alikuwa ameomba ukumbi wa kanisa, na kaka yangu alileta kwa pikapu ya duka projekta, jenereta na ile shuka nyeupe ya mama. Wazo la kuwaita watu wote wa mlimani lilikuwa langu, silikatai. Nilitaka wakuone moja kwa moja ukihutubia. Nilitaka wajue kwamba kile kichaka cha bibi yako, chemchemi yake na miti yake ya asili iliyobaki katikati ya mikaratusi ya watu, kinatajwa kwenye mkutano wa dunia wa bayoanuwai. Walijaa mpaka madirishani. Magokoro tulimkalisha mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, na leso mpya niliyomnunulia. Alikuwa anacheka kwa aibu kama bibi harusi, akiniuliza kila mara kama wewe unamwona kutoka huko ndani ya shuka.

Ukatokea. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Ulisimama wima, ukasema vijana hatukuja kupiga picha, tumekuja kutaka wanaolinda misitu midogo waandikwe kwenye mkataba, na kwamba fungu lenu bado liko ndani ya mabano. Onchiri akawafafanulia watu kwa Ekegusii kwamba neno lililo kwenye mabano ni neno ambalo wakubwa hawajalikubali. Wazee wakatikisa vichwa. Halafu ukasema sasa mwoneni mlinzi mwenyewe, na filamu yetu ikaanza.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya ile filamu. Nilikuambia tutoe pale ambapo jirani yenu Emily anapita na mtungi wake asubuhi, anamsalimu Magokoro, na Magokoro anapita kimya bila hata kugeuza shingo. Wewe na mimi tunajua sababu. Bibi yako ametufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba dawa huchumwa kabla mdomo haujatoa salamu, kwamba ukishamjibu mtu, nguvu ya dawa imekwenda naye. Lakini Emily ameolewa kutoka Magwagwa, hakuyajua hayo. Ukasema hapo ndipo penye uzuri, ukaweka maelezo ya Kiingereza chini na fidla juu, sauti zote ukazima. Huko kwenu najua walilia kwa uzuri wake. Nimejaribu siku zote hizi nisikulaumu, nimeshindwa. Nakulaumu, na nakupenda, na hayo mawili yamekaa chumba kimoja hayasemezani.

Maana jambo moja hatukulifikiria, sisi wasomi. Wiki mbili baada ya kupiga picha ile, Emily alimzika mtoto wake wa kwanza, yule msichana mnene aliyekuwa anapenda kutuvuta nywele. Homa ya mapafu, walisema hospitali. Sisi tulikwenda matangani, tukakaa, tukala, tukarudi kwenye kompyuta yetu kuongeza fidla.

Emily alikuwa amesimama karibu na mlango. Alijiona kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, akiwa bado na mtoto wake mgongoni. Alijiona akisalimu. Akamwona Magokoro akipita kama hakusikia, midomo ikichezacheza, majani mkononi, ukungu mtupu, na zile fidla zako zinalia kama paka. Edinah, kwa macho ya mtu asiyejua, wallahi hata mimi ningeogopa. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia ukitoka kwa binadamu. Akasema ndiye, ndiye huyo, nilimsalimu akaninyima salamu, akamchukua mtoto wangu.

Nilidhani wazee watanyanyuka. Wazee wa mlimani wanajua desturi ya kuchuma dawa kuliko sisi, nusu yao wametibiwa tumbo na majani yale yale. Sentensi moja tu ya mzee mmoja ingetosha. Onchiri aliwaomba kwa majina, mmoja mmoja. Waliangalia viatu vyao. Ami yako Obwocha aliangalia vyake pia, na kama anakulilia kwenye simu leo, mwache alie.

Wa kwanza kuvunja kiti alikuwa Manasseh. Ndiyo, Manasseh wetu, wa kitalu cha miche, aliyebeba maji ya kunyweshea siku zote za kiangazi. Alikanyaga kiti, akang'oa mguu, na wengine wakamfuata, ukumbi ukawa mlio wa mbao tu. Nyuma yao kwenye shuka filamu ilikuwa imekwisha na ukumbi wenu wote ulikuwa umesimama unapiga makofi. Walikuwa wanampiga bibi yako na huku dunia nzima inampigia makofi. Sitaisahau sauti ile mpaka naingia kaburini. Nilichomoa waya wa projekta ili angalau makofi yanyamaze.

Magokoro hakuelewa. Pigo la kwanza lilimpata begani na akageuka kumtazama Manasseh kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni, akamwita kwa jina la ukoo wao, akamuuliza kuna nini. La pili likampata mdomoni. Nilinyanyua ule mguu wa chuma wa projekta nikampiga Manasseh usoni kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Jicho lake la kushoto halipo tena. Mama ananiambia nitubu, nami naswali, nafika kwenye toba hiyo naona meno ya bibi yako sakafuni, narudi mwanzo.

Onchiri alisimama mlangoni na mikono ameitanua. Aliwaambia kwa upole, unajua upole wake ule wa kuudhi, kwamba kama wana shauri waende kwa chifu, kwamba mama huyu hatoki humu kama mbuzi. Hakuwa ameshika hata fimbo. Mtu alitokea nje na panga, nani sijui, mimi niliona mkono tu, akampiga hapa shingoni panapokutana na bega. Alikaa chini taratibu kama aliyechoka. Wakamruka.

Wakamburura Magokoro kwa ile leso mpya, barabara nzima mpaka kwake, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa. Walimtupa ndani ya jiko lake la udongo, wakafunga mlango kwa waya wa seng'enge, wakamwaga mafuta ya taa kwenye nyasi za paa. Emily ndiye aliyepewa kiberiti kwa sababu yeye ndiye mfiwa. Nilimwona akikishika, njiti zinaanguka. Mtu alimshikia mkono akamsaidia kuwasha. Nililiona paa likishika moto na nililiona likiporomoka, nilikuwa karibu kuliko walivyodhani. Nilikuwa wapi nitakuambia.

Halafu, kwa sababu moto haukuwatosha, walikwenda kichakani. Walikiita pango la mchawi. Kile kichaka ulichokuwa unakitaja kwa majina ya miti yake, mbele ya mataifa, kilianza kukatwa siku ile ile. Ile miti ya kale waliikata, ile mizabibu ya mwitu wakaivuta, chemchemi wakaijaza magome na mawe na mavi ya ng'ombe. Nyani wawili waliokuwa wanaishi mle waliuawa kwa mawe na kuning'inizwa kwenye waya wa stima. Leo pamebaki visiki vinavyotoa maji mekundu, na mikaratusi ya jirani imesimama pembeni, mizima, hakuna aliyeigusa hata jani.

Asubuhi yake wazee, ambao sasa ndimi zilikuwa zimerudi, walichakura majivu wasipate hata mfupa. Wakasema moto ulikuwa mkali. Wakaamua ifanywe kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake umepotea, ukatwe mgomba, uvishwe nguo yake, ulazwe ndani ya sanduku, uzikwe kwa heshima zote, asije akarudi kuwasumbua. Ndiyo hayo mazishi ya Jumamosi unayoitiwa. Obwocha ameshachagua mgomba.

Sasa dada yangu, kaa chini kama umesimama. Kama kuna mtu karibu yako, mwondokee.

Lile jiko lina ukuta wa nyuma unaotazama kichakani, ule uliokuwa unalowa kila masika na wewe ukawa unaahidi kuukandika. Hukuukandika. Mungu akubariki kwa uvivu wako. Mimi na Haron tulizunguka kwa njia ya chemchemi, tukaupiga mateke udongo ule ukaanguka kama mkate, nami nikaingia kwa tumbo nikamshika miguu nikamvuta. Nywele zake zilikuwa zimeshika moto, nikazizima kwa viganja vyangu. Tulikuwa kichakani, chini ya ile miti, paa lilipoporomoka na wao wakashangilia. Miti ile ilituficha mpaka tukafika kwenye pikapu. Nadhani ilikuwa kazi yake ya mwisho hapa duniani.

Bibi yako yu hai, Edinah. Nilikudanganya, na nitaendelea kumdanganya kila mtu mpaka Mungu aniulize. Ningekuambia kwenye simu ungepiga kelele ya furaha na nusu ya wajumbe wangejua kabla ya jioni, na Manga ingejua kabla yao.

Lakini bado kuna la kukuambia, na hili ndilo linaloniamsha. Kabla ya kuondoka Haron aliingia ukumbini akambeba Onchiri. Alikuwa bado yu hai. Tuliwalaza wote wawili nyuma ya pikapu chini ya turubai, mimi katikati, na Magokoro, mwenyewe ameungua, akakandamiza leso yake kwenye shingo ya Onchiri na hakuiachia. Njia ya moja kwa moja ya mjini walikuwa wameiziba kwa magogo, tukazungukia Keumbu. Keumbu kuna hospitali. Haron alipunguza mwendo. Nikachungulia, nikaona vijana wa boda boda langoni wanasimamisha magari, simu mkononi, na kwenye simu ile filamu yetu. Wakifunua turubai, wamemwona. Nilipiga bodi ya gari mara mbili, ishara ya kwenda.

Onchiri alijua pale ni Keumbu, alisikia wauza ndizi. Alinitazama. Sijui kama alikuwa ananiambia twende au ananiambia simama, nimegeuza macho yale kila upande na sijapata jibu. Ulikuwa ukinitania juu yake nami nikikana, nikisema msichana wa Kiislamu na mwana wa mzee wa kanisa waanzie wapi. Nilimpenda. Nakuambia leo kwa sababu sina tena wa kumwonea haya. Alikata roho kabla hatujauona mji. Magokoro tulimshusha nyumbani kwanza, ndipo tukampeleka Onchiri hospitali akiwa amekwisha kupoa. Daktari alituuliza kwa nini hatukusimama Keumbu. Nikamjibu hatukufikiri. Mama yake alinikumbatia mbele ya watu wote akanishukuru kwa kujaribu kumwokoa mwanawe.

Kwa hiyo usije ukauharibu uhai huu, maana tumeulipia. Usivuke nusu ya dunia kuja kuuawa kwa ajili ya mgomba. Ijumaa simama kwenye kikao chako. Sema kwamba walimpiga, sema walimchomea nyumba, sema walikata msitu wake siku ile ile mliyompigia makofi, mtaje Onchiri kwa jina lake lote. Kisha nyamaza. Usiseme amekufa, maana si kweli, na usiseme yu hai. Wakisimama kimya kumkumbuka, simama nao, inamisha kichwa, mkumbuke Onchiri. Ile filamu iondoe kila mahali mlipoiweka. Nao wakikuuliza kama inafaa kuandika majina ya walinzi wa misitu kwenye mikataba yao mizuri, waambie kwanza waulize watu hao wanaishi na majirani gani.

Magokoro yuko chumba cha uani. Mama amemvisha buibui na nikabu, majirani tumewaambia ni shangazi yetu kutoka Isiolo, bubu. Ilibidi awe bubu, Edinah. Mji mzima huu unaongea lugha yake, na akifungua mdomo mara moja tu watajua ametoka mlima gani. Akikaa uani wanawake wanapita na ndoo zao wanamsalimu, na yeye, ambaye walimwashia moto kwa ajili ya salamu, anawatazama tu wakipita. Siku ya kwanza alilia akaniuliza mpaka lini. Nasteho amekwisha kuulizia kule Isiolo kwa ndugu wa mama, na ukimaliza mkutano utashukia huko, si huku.

Nimefika kwenye salamu. Baba anakusalimu, anasema ujikaze. Mama anakusalimu, anasema ule, na si chai. Haron anakusalimu, siku hizi hasemi sana. Onchiri angekusalimu.

Na Magokoro anakusalimu. Alfajiri, kabla mama hajafungua mlango wa uani, anakaa kitandani akizijibu kwa kunong'ona salamu zote alizonyamazia jana yake, mtu kwa mtu, yule wa ndoo ya kijani, yule mwenye mtoto, asimsahau yeyote. Mimi hulala mkekani chini yake nikimsikia. Huanza kila siku na ile ile. Anasema kwa lugha yake, bwakire Emily, bwakire mwanangu. Halafu anatega sikio, kama anayengoja kusikia mtoto anaendeleaje.

Choma barua hii.

Ni mimi dadako wa damu ya kuchagua,
Kaltuma Jaffer